Flashi iliyoondoka bila kuaga: shajara ya kulihamishia duka Debian 13

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Debian 13, toleo jipya la mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta wa ukoo wa Linux, imetoka wiki iliyopita, tarehe 9. Nimeishusha kwa bando la usiku, maana mchana duka zima linagombea intaneti moja. Leo naanza rasmi.

Mradi wenyewe ni huu. Shangazi ana duka la steshenari Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, kuskani vyeti, picha za pasipoti. Kompyuta ni tano. Nne ni Dell OptiPlex 7010 zenye RAM ya GB 4, mtumba safi. Ya tano ni HP mkongwe wa Core 2 Duo, GB 2, anayelia feni kama cherehani. Zote zinatumia Windows 10, na huduma ya Windows 10 inakoma tarehe 14 Oktoba. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane. OptiPlex zetu ni kizazi cha tatu. Nilipomwambia Shangazi habari ya kununua mpya akanitazama tu, akaendelea kupanga karatasi.

Kwa hiyo Linux. Swali ni eneokazi gani, yaani ile sura ya mbele mtu anayokutana nayo akiwasha: menyu, madirisha, folda, mstari wa chini. Kwenye Windows sura ni moja, utake usitake. Debian inakupa nyingi juu ya msingi uleule, kama nyumba unayoweza kuibadilishia baraza bila kugusa vyumba. Nimechagua tano za kujaribu: GNOME 48, KDE Plasma 6.3, Xfce 4.20, LXQt 2.1 na MATE. Cinnamon nimeiacha nje, si kwa ubaya wake, siku hazitoshi.

Kuna na kale kalaptopu kadogo ka biti 32 alikokaacha mteja miaka mitatu iliyopita akasema anarudi. Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32. Nimekarudisha kabatini.

Jumapili, 17 Agosti

Kosa la kwanza, langu mwenyewe. Kisakinishi kinaruhusu kuweka alama kwenye maeneokazi zaidi ya moja, nami nikaweka zote tano kwenye mashine moja, nikidhani nitakuwa nabadilisha tu wakati wa kuingia. Inawezekana kweli. Lakini kila eneokazi limekuja na vyombo vyake vya jikoni. Nikawa na programu tano za kufungulia folda: Files, Dolphin, Thunar, PCManFM-Qt na Caja. Programu za kuandikia matini sikuzihesabu. Ukibofya picha, hujui nani ataitika. Wapishi watano, jiko moja.

Nimefuta yote. Nimekusanya diski kuukuu nilizonazo nyumbani, kila diski eneokazi moja, nachomoa hii nachomeka ile. Polepole, lakini ukijaribu kitu ujue unajaribu nini.

Jumatano, 20 Agosti

Siku tatu nimepima RAM. Kila anayeandika kuhusu maeneokazi huanza hapo, nami nikafuata mkumbo.

GNOME inakula zaidi ya GB 1 kabla hujafungua kitu. Plasma haiko mbali nayo. MATE na Xfce ziko chini, LXQt chini zaidi. Nikajaza daftari namba. Halafu nikafungua Firefox na kurasa tatu (barua pepe, matokeo ya mitihani, na ukurasa wa kuomba chuo), pamoja na LibreOffice yenye barua moja. Tofauti yote ikamezwa. Kivinjari peke yake kinakula kuliko eneokazi lolote kati ya haya matano. Mwenye GB 4 anateseka palepale, awe na GNOME au LXQt.

Kilichosaidia si eneokazi. Ni zram: sehemu ya RAM inatengwa, kisha vitu visivyotumika vinabanwa humo badala ya kupelekwa kwenye diski. Paketi ni zram-tools, faili la mpangilio ni moja, dakika tano kazi imekwisha. Mashine zikapumua.

Nimekata ukurasa wa namba kwa mstari. RAM itaamua kwa HP ya GB 2 tu.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemkalisha Shangazi mbele ya GNOME bila kumwambia lolote. Amechapa kwa mashine zaidi ya miaka ishirini, alianza na taipu. Vidole vyake havitazami kibodi, na mkono wa maus unajua njia kuliko macho.

Mkono ukaenda kona ya chini kushoto. Hakuna kitu. Ukarudi. Hakuna.

“Baba, wamekiweka wapi kitufe?”

Nikamwonyesha juu kushoto. Akafungua barua, akaanza kuchapa. Akaingia mteja anataka kopi ya kitambulisho, Shangazi akataka kulishusha dirisha. GNOME haiweki kitufe cha kushusha. Iko alama ya kufunga peke yake. Akaifunga. Swali la kuhifadhi likatokea, akalijibu kwa mazoea ya mkono. Barua ya mteja haikupotea, lakini uso wake ulibadilika.

Baada ya dakika kumi akaondoa mkono kwenye maus kabisa, akaukunja mapajani. Nikajua GNOME imekwisha hapa. Vitufe hivyo vinaweza kurudishwa kwa programu ya mipangilio ya ziada, najua. Lakini GNOME ina falsafa yake tangu toleo la 3 la mwaka 2011: kazi moja mbele yako, mengine yajifiche. Duka letu ni kazi saba mbele yako na mtu wa nane anagonga kaunta na sarafu.

(MATE ilizaliwa kwa ugomvi huohuo. Wapo waliokataa GNOME 3, wakaichukua ile ya 2 wakaiendeleza wenyewe. Aliyeanzisha ni Mwargentina, ndiyo maana ina jina la kinywaji cha kwao. Na GNOME yenyewe ilianzishwa mwaka 1997 na Miguel de Icaza na Federico Mena kwa kutoridhika na leseni ya Qt (vipande tayari vya kujengea programu), ambayo KDE ya Matthias Ettrich ilijengwa juu yake mwaka 1996. Hawa watu ni ndugu wa ukoo mmoja, wanahama nyumba kila wakikosana.)

Jumatatu, 25 Agosti

Plasma. Kona ya chini kushoto: kitufe kipo. Saa iko chini kulia. Shangazi akasema “haya”, kwake hiyo ni sifa. Tangu Plasma 6.0 ya Februari 2024 faili linafunguliwa kwa kubofya mara mbili. Zamani ilikuwa mara moja, na kwa duka kama letu ingekuwa balaa, faili kumi zinafunguka mtu akitaka kuchagua moja.

Mimi binafsi ndiyo niipendayo. Laptopu yangu inatumia Plasma na sitaibadilisha. Ila kwenye hizi diski za kuzunguka inachukua muda kutulia ikiwashwa, na ile huduma yake ya kuorodhesha mafaili, Baloo, ilianza kuichimba diski wakati mteja anasubiri. Nimeizima.

Alhamisi, 28 Agosti

Leo ndiyo siku ya shajara hii. Yote niliyoandika juu ni maandalizi.

Mwalimu mmoja wa hisabati, mteja wetu wa miaka, kaja na flashi ya GB 64. Shangazi kamchapia mtihani wa ndani, akautoa kama PDF, kaiburuta kwenda kwenye flashi. Mstari wa kunakili ukajaa papo hapo. Mwalimu, mguu ndani mguu nje, baiskeli yake iko juani, kachomoa flashi, kashukuru, kaondoka. Baada ya nusu saa karudi. Faili lipo, jina lipo, ukubwa wake sifuri.

“Kompyuta zenu mpya zimekula mtihani wangu.”

Faili lilikuwa bado kwenye mashine, tukampa tena. Lakini nilikaa nalo mpaka jioni, maana mwalimu hakukosea. Amefanya alichofanya siku zote. Windows 10 tangu toleo la 1809 huiandalia flashi kuchomolewa wakati wowote, haiweki akiba ya kuandika. Linux haifanyi hivyo. Inalipokea faili haraka kwenye RAM, inakuambia tayari, kisha inaliandika kwenye flashi kwa nafasi yake. Kwa mpangilio wa kawaida data inaweza kukaa hata sekunde 30 ikisubiri. Mwalimu alihitaji sekunde nne.

Sasa kwa nini wiki nzima haikutokea? Nimetazama: flashi ndogo nyingi za wateja zina mfumo wa mafaili wa FAT32, na hizo Debian huzipachika, yaani huziunganisha zitumike, kwa chaguo linaloitwa flush, linalosukuma data mapema. Ya mwalimu ilikuwa exFAT, na exFAT haina bahati hiyo.

Dukani kwetu flashi ndiyo mteja. Binadamu anaibeba tu. Hawatumi barua pepe, hawana hifadhi ya mtandaoni. Wanakuja na flashi shingoni, kwenye funguo, kwenye sidiria, wanaichomeka, wanataka kitu, wanaichomoa. Eneokazi nitakalochagua litapimwa kwa nusu dakika hiyo. Mengine mapambo.

Tangu leo kitendo cha kuitoa flashi kwa utaratibu tunakiita kuaga. Flashi ikichomolewa bila kuaga, inaaga dunia. Shangazi kalipenda neno, kashaanza kulitumia kwa watoto.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimeanza na mzizi kabla ya sura. Nimepunguza muda wa data kusubiri kutoka sekunde 30 hadi 3, na kiasi kinachoruhusiwa kulundikana kwenye RAM hadi MB chache, ili mstari wa kunakili usiwe mwongo. Nimeandika kwenye /etc/sysctl.conf kama nilivyozoea miaka yote, nikawasha upya.

Hakuna kilichobadilika. Nikaandika tena. Nikakagua tahajia. Nikawasha upya mara ya tatu, muuza kahawa akapita, nikanywa vikombe viwili na kashata nikiitazama skrini kama imenikosea adabu. Mwishowe nikasoma maelezo ya toleo, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza. Yameandikwa wazi: kwenye Debian 13 faili la /etc/sysctl.conf halisomwi tena. Mipangilio inakaa kwenye faili lako ndani ya folda /etc/sysctl.d/. Nikahamisha mistari mitatu. Ikakubali.

Hilohilo ndilo lililonipata jana na /tmp, sikuliandika kwa aibu. Niliskani cheti cha mtu nikakiweka /tmp kwa muda, umeme ukakatika, cheti kikaenda. Kwenye 13 folda hiyo sasa inakaa ndani ya RAM. Nayo ilikuwa imeandikwa.

Wiki ya Maulidi, Septemba

Duka limejaa, kadi na ratiba za Maulidi tangu asubuhi. Sikupanga kujaribu kitu lakini majaribio yalinijia yenyewe. Nimeweka LXQt, MATE na Xfce kwenye mashine tatu, nikakaa pembeni na daftari nikitazama mikono ya watu.

LXQt: ukichomeka flashi kinatokea kidirisha kinauliza unataka nifanye nini. Kwa nadharia ni adabu. Watoto wa shule walibofya Cancel, wote, bila kusoma, kisha wakaja kuniambia flashi haisomi.

MATE: flashi inafunguka na alama yake inakaa mezani, juu ya picha ya nyuma, kando ya folda za wateja. Watu waliiona.

Xfce: alama mezani vilevile. Ukiiaga wakati bado kuna data ya kuandikwa, unatokea ujumbe kwamba data inaandikwa, usichomoe. Kisha ujumbe mwingine kwamba sasa unaweza. Nilimwona kijana mmoja ameushika mkia wa flashi tayari kuvuta, akausoma ujumbe, akaachia. Kingereza cha ujumbe hakikumshinda.

Plasma nimeirudia kichwani. Yenyewe haiipachiki flashi mpaka uombe. Kidirisha kinatokea chini kulia ukibofya ndipo inafunguka. Kwa usalama ndiyo bora kuliko zote, maana flashi isiyopachikwa haina cha kupoteza. Lakini nimemtazama Shangazi: macho yake hayafiki chini kulia, isipokuwa adhuhuri ikikaribia. Macho yake yapo mezani, kwenye folda.

Ijumaa kaja binti wa chuo, flashi yake imejaa njia za mkato, kila folda imegeuka kialama chenye mshale. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imo humo, na duka jingine limeshamwambia kila kitu kimeliwa, anatakiwa aiformati. Nimeichomeka kwenye mashine ya Xfce. Folda zote zikajitokeza, zimekaa pale pale. Kirusi hiki hakifuti kitu. Kinazipiga folda alama ya kufichwa, kisha kinaweka njia za mkato za uongo badala yake. Linux haiijali alama hiyo ya FAT, na njia za mkato za Windows haiwezi kuziendesha. Nikafuta takataka, nikahamisha folda. Binti hakusema kitu, alikivuta kiti akakaa, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka marejeo. Hapo hakuna eneokazi la kusifiwa, zote tano zingeonyesha hivyohivyo. Nimeliandika kwa sababu jioni Shangazi alisema, “Hii yako ibaki.”

Alhamisi, 18 Septemba

Jana GNOME 49 imetoka. Haituhusu, Debian 13 itabaki na 48 maisha yake yote. Nataja tu kwa sababu wamezima kikao cha X11, njia kongwe ya kuchora madirisha kwenye skrini, kama chaguo la kawaida. Wanaelekea Wayland, njia mpya, moja kwa moja. Plasma nayo ishaelekea huko. Xfce 4.20, ya Desemba 2024, ina Wayland ya majaribio tu. Kwa duka ni heri, kikao cha X11 kimekomaa. Tukifika Debian 14 tutaongea mengine.

Toleo la marekebisho la 13.1 lilitoka tarehe 6. Limeingia bila vurugu.

Jumamosi, 27 Septemba

Uamuzi. OptiPlex zote nne: Xfce. HP mkongwe: LXQt, na kidirisha cha kuuliza nimekizima, flashi ifunguke yenyewe.

MATE imekosa kidogo sana. Kilichoipa Xfce ushindi ni Thunar, programu yake ya kufungulia folda. Ina uwezo wa kubadilisha majina ya mafaili mengi kwa mkupuo. Shule moja huleta picha za pasipoti za darasa zima, mafaili yenye namba tu, na Shangazi alikuwa akiyabadilisha moja moja huku akinung'unika. Nimemwonyesha mara moja. Mara ya pili alinisogeza pembeni.

Mpangilio nilioweka: mstari mmoja tu, chini. Menyu ya Whisker kona ya kushoto, mkono wa Shangazi uikute. Mstari nimeufunga, watoto wasiuburute.

Fonti zimenichukua mchana wote. Mitihani ya walimu imeandikwa kwa Calibri na Times New Roman. Bila fonti hizo mistari inasogea, swali la 10 linaruka ukurasa. Carlito ina vipimo sawa na Calibri, Caladea na Cambria, Liberation Serif na Times. Nimeziweka, nikaprinti mtihani mmoja kutoka mashine ya Windows na mmoja kutoka ya Xfce, nikazibandika kwenye kioo cha dirisha zikiwa zimelaliana. Zimeoana, isipokuwa jedwali moja lililokwenda chini kwa unene wa ukucha.

Kuprinti kwenyewe hakuna la kuandika. Zote zinapitia CUPS, huduma ileile ya kuprinti.

Lugha ndiyo doa. Hakuna kati ya hizi tano iliyokamilika Kiswahili. Inauma ukikumbuka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Miaka ishirini na moja. Nimebadilisha kwa mkono majina machache ya menyu tunayotumia zaidi: Kuskani, Barua, Picha. Nilitaka na ule ujumbe wa “usichomoe” uwe Kiswahili. Tafsiri ya Xfce inafanywa na watu wa kujitolea, nami nina maneno yangu tayari. Nitaanza na hilo moja.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wiki ya kwanza bila Windows. Malalamiko niliyoandika ni matatu: mchezo wa karata haupo (upo, nimeuficha), saa inaonyesha saa kumi na tatu badala ya saa saba, na mzee mmoja wa Chumbageni anasema herufi zimekuwa nyembamba. La mzee nimelirekebisha kwenye mipangilio ya fonti, kakubali kwa shingo upande.

Juu ya kila mashine Shangazi amebandika karatasi, kaichapa mwenyewe, herufi kubwa: FLASHI IAGE KWANZA.

Mwalimu wa hisabati amerudi, flashi ileile. Safari hii kaketi. Kaburuta faili lake mwenyewe, kabofya alama kwa kitufe cha kulia, kachagua kutoa, kasubiri ujumbe wa kwanza, kasubiri wa pili, kanitazama kama mwanafunzi aliyemaliza jibu ubaoni. Kaichomoa polepole, kaiweka mezani ili atafute hela mfukoni, kalipa, kapanda baiskeli, kaenda.

Ipo kwenye kikopo cha kalamu.